Magome ya Mjafari: Jawabu kwa Waliouliza Habari za Dawa za Msituni

Kwa Wanachama wote,

Tangu kumalizika mavuno yaliyopita, ofisi ya Chama imeletewa swali moja na wanachama wa vijiji mbalimbali. Wako watu wapitao mashambani wakinunua magome na mizizi ya dawa kwa gunia, nao hulipa papo hapo, fedha mkononi. Wanachama wanauliza kama yafaa Chama nacho kiingie katika biashara hiyo: kikusanye magome, kitafute mnunuzi mkubwa, na faida igawanywe. Mwanachama mmoja ameandika kwa maneno makali kidogo, kwamba karafuu huja mwaka huu nyingi na mwaka ujao haba, lakini gome liko juu ya mti siku zote. Halmashauri ilinitaka nitafute habari za jambo hili na kuzieleza katika kijarida chetu kabla ya mkutano mkuu, ili kila mtu aje na rai yake.

Nimekaa na wazee wajuao miti, na nimesoma yaliyoandikwa na mabingwa wa elimu ya dawa. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba rai yangu mimi ni kukataa. Lakini sitaki mtu aifuate kwa kuwa mimi ni Katibu. Asome kwanza, kisha aamue.

Naanza na karafuu, maana hiyo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Kila mchumaji ajua kwamba karafuu ina wakati wake. Ikingojwa mpaka ua likafunguka, harufu yapungua na bei yaanguka. Kila mwenye jamvi ajua kwamba karafuu mbichi ikirundikwa bila kuanikwa huvunda, ikapoteza rangi yake. Na sote twajua kwamba makonyo yana bei yake na karafuu ina bei yake. Mabingwa wa kemia wametupimia sababu. Katika kilo 100 za karafuu kavu nzuri hupatikana mafuta kilo 15 mpaka 20. Katika kilo 100 za makonyo, kama yale yanayopelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, hupatikana kilo 5 mpaka 7 tu. Majani hayatoi ila kilo 2 au 3. Na mafuta hayo yakichunguzwa, sehemu yake kubwa, kiasi cha 70 mpaka 90 katika mia, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Hiyo yujenoli ndiyo harufu ya karafuu, ndiyo ukali wake ulimini, na ndiyo itiayo ganzi mtu awekapo karafuu juu ya jino bovu. Madaktari wa meno wameichanganya na unga mweupe wa zinki tangu karne ya 19, wakafanya dawa ya kuzibia meno, na hata leo hutumika.

Mti ni mmoja, lakini sehemu hii ina mafuta mara saba au nane kuliko sehemu ile, na wiki hii kuliko wiki ijayo. Basi mtu akisema “dawa ya mti fulani,” hajasema kitu bado. Sehemu gani ya mti? Imechumwa lini? Imekaushwaje? Na mgonjwa apewe kiasi gani?

Hilo la kiasi ni kubwa kuliko yote. Karafuu moja katika pilau haimdhuru mtu. Lakini madaktari wamekwisha andika habari za watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu, kiasi cha mililita 5 au 10, yaani kijiko cha chai kimoja au viwili, wakapoteza fahamu na maini yao yakaharibika. Ni yujenoli ile ile. Kwa hiyo wenye chupa za mafuta nyumbani waziweke juu, mbali na watoto. Hili halihusu msitu, lakini nimeona nisilipite.

Viini kama yujenoli viko katika miti mingi, na mara nyingine kiini kimoja chapatikana katika mimea miwili isiyofanana hata kidogo. Kivumbasi chaota chenyewe kando ya njia na pembezoni mwa msitu. Wazee walikuwa wakitia majani yake katika ghala ya nafaka, na wengine walitia karafuu, wakasema vyote viwili huzuia fukusi. Mwaka 1990 wataalamu wa chuo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, mjini Nairobi, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya desturi hiyo ya wakulima wa Afrika ya Mashariki. Walitafuta ni kitu gani hasa katika kivumbasi na katika karafuu kinachomfukuza fukusi wa mahindi, wakaikuta yujenoli katika vyote viwili. Wazee wetu hawakuwa na mizani ya kemia, lakini pua zao ziliwapeleka pale pale. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako vijana wanaodhani kwamba maneno ya wazee juu ya miti ni hadithi tu. Mengine ni hadithi, ndiyo. Mengine ni elimu iliyokosa mwandishi.

Sasa nije kwenye mjafari, maana huo ndio mti unaotafutwa zaidi na wanunuzi. Baadhi ya watu huuita mkunungu. Asiyeujua autambue kwa shina lake: lina manundu magumu kama vichuguu vidogo, na kila nundu lina mwiba juu yake. Jani lake likisuguliwa hutoa harufu ya limau, wala si ajabu, kwa kuwa mjafari na mlimau ni wa ukoo mmoja. Katika pwani yote, na bara pia, watu huchemsha gome au mizizi yake kwa homa, kwa maumivu ya tumbo na kwa kifua, na wengine hutafuna gome kwa ajili ya meno.

Wataalamu wa Uganda, Kenya na Tanzania wameuchunguza. Wamekuta ndani ya gome na mizizi vitu vichungu vya jamii iitwayo alkaloidi. Jina hilo lisimtishe mtu. Kwinini, dawa ya homa iliyotoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, nayo ni alkaloidi, na mabingwa wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Mti huziweka alkaloidi katika gome ili wadudu na wanyama wauache, maana hauna miguu ya kukimbia. Katika mjafari zimetajwa kadhaa, miongoni mwake skimianini na cheleritrini, na maji ya gome yamejaribiwa juu ya vijidudu vya malaria katika maabara, yakaonekana kuwa na nguvu juu yao.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi nataka kusimama kidogo. Kuua kijidudu ndani ya chupa ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine. Siki huua vijidudu ndani ya chupa. Chumvi nyingi huviua. Hata maji ya moto huviua, wala hakuna ampaye mgonjwa maji yanayochemka. Dawa haina budi ipite tumboni bila kuharibiwa, ifike katika damu, iwe na nguvu ya kutosha kumshinda mdudu bila kumdhuru mwenye mwili, kisha itoke. Katika vitu mia vinavyoua vijidudu chupani, vingi huanguka katika safari hiyo. Mlangamia ni mfano tunaouona kila siku. Kile kitambaazi kama nyuzi za kijani na manjano, kisicho na majani, ambacho tunakikata juu ya mikarafuu yetu kwa kuwa chainyonya, wataalamu wamekikuta nacho kina alkaloidi, na katika chupa zimeonyesha nguvu juu ya vijidudu vya malale. Hata hivyo hakuna hospitali impayo mtu mlangamia.

Kwa hiyo anayesema mjafari ni uwongo amekosa, na anayesema mjafari umethibitika kuwa dawa ya malaria naye amekosa. Ulivyo hasa ni mti wenye viini vyenye nguvu, ambavyo kipimo chake kwa mwanadamu hakijawekwa.

Wako wazee wanaojua kipimo chao wenyewe, nao huchukua kidogo. Mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alinichukua hadi mpakani mwa shamba lake nikaone mjafari wake. Ulikuwa umekauka wima, majani hakuna, na shina limevuliwa gome kutoka usawa wa goti hadi usawa wa kifua, pande zote.

Nilimwuliza, “Mzee wangu, nani aliyefanya haya?”

Akasema, “Mnunuzi, mwanangu. Alikuja mimi nipo mjini. Vijana wakamruhusu, wakapewa fedha ya sukari. Mimi na baba yangu tumeuchuma mti huu miaka arobaini, nao ulikuwa unazidi kunenepa.”

Nikamwuliza jinsi walivyokuwa wakichuma. Akanieleza kwamba walichukua kibao kimoja kirefu chembamba, upande unaoelekea mawio, wakapaka udongo pale palipo wazi, kisha hawakuugusa tena mpaka jeraha lizibe. Mwaka uliofuata wakachukua upande mwingine, ama mti mwingine.

Sababu yake ni hii. Chakula cha mti hutengenezwa katika majani, kisha huteremka hadi mizizini kwa kupitia ngozi laini iliyo chini ya gome. Ukichukua kibao upande mmoja, chakula chapita upande mwingine. Ukilivua gome duara zima umeikata njia. Majani hubaki kijani kwa muda, kwa kuwa maji bado yapanda ndani ya mti, na mwenye shamba hudhani mti u mzima. Kumbe mizizi inakufa njaa, na baada ya miezi mti wote hukauka. Ni kama kukaza kamba shingoni. Anayechimba mizizi yote hufanya vivyo hivyo, ila yeye huanzia chini.

Wako waliotutangulia katika hasara hii. Katika milima ya Kameruni, Kenya na Madagaska uko mti uitwao kwa jina la kitaalamu Prunus africana, ambao gome lake hufanywa dawa kwa wanaume wazee wanaopata taabu ya kukojoa kwa sababu ya tezi. Viwanda vya Ulaya vilipoanza kulinunua gome hilo kwa tani, miti ilivuliwa duara zima, na mingine ilikatwa kabisa ili matawi ya juu nayo yafikiwe. Mwaka 1995 ulitiwa katika mpango wa mataifa wa kusimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu hapo gome lake haliuzwi nje ya nchi bila kibali. Na huko milima ni mikubwa. Sisi tuko kisiwani.

Hapa kwetu kilichobaki ni kidogo, na tusione haya kutaja sababu: mikarafuu yetu imesimama palipokuwa na msitu. Tufani ya mwaka 1872 ilipong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, ikapandwa zaidi, mpaka ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Vilima vikafyekwa. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, ulifanywa hifadhi mwaka 1959, na humo ndimo ilimobaki mivule mikubwa na mpapindi, mnazi mwitu usioota mahali pengine duniani ila Pemba. Zaidi ya Ngezi pana vipande vya hapa na pale: Msitu Mkuu, Ras Kiuyu, na vichaka vya mawe vilivyo kando ya mashamba ya wanachama. Gunia la magome halitoki Ngezi kwa halali bila ruhusa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 yazuia. Basi mnunuzi ajapo, anakuja kwenye vichaka vyetu.

Mti mwingine unaoulizwa ni mdaa. Mama zetu wanaoshona mikeka hawahitaji maelezo: mizizi yake huchemshwa pamoja na ukindu ukapata weusi, na kipande chake hutafunwa kusafisha meno na kutia midomo rangi. Watu wengi hudhani rangi ni jambo moja na dawa ni jambo jingine. Wataalamu wameona kwamba rangi ile yatokana na vitu viitwavyo naftokwinoni, na vitu hivyo hivyo ndivyo viuavyo vijidudu vya mdomoni. Katika chuo kikuu cha Pretoria, Afrika ya Kusini, wamechukua mizizi ya ndugu yake mdaa wetu na kuijaribu juu ya vijidudu vya kifua kikuu, vikashindwa chupani. Na mimi narudia lile nililosema juu ya chupa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende hospitali akapimwe makohozi. Dawa ya kifua kikuu hutolewa bure, wala mdaa hautashika mahali pake.

Kisha kuna mturituri. Huu ni mtambaazi wa vichakani wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri sana, ambazo watoto hupenda kuzitunga shanga. Huko India masonara walizitumia kupimia dhahabu kwa jinsi zinavyolingana uzito. Majani yake ni matamu, na watu huyatafuna kwa kikohozi na koo lililokauka. Utamu huo umechunguzwa, nao watokana na vitu vilivyo vitamu mara nyingi kuliko sukari. Lakini mbegu yake ina sumu iitwayo abrini, katika sumu kali kabisa za mimea zijulikanazo. Ikimezwa nzima yaweza kupita bila madhara kwa kuwa ganda lake ni gumu. Ikitafunwa vizuri, mbegu moja yatosha kuua mtu. Mmea mmoja, jani ni la kikohozi na mbegu ni ya jeneza. Nani atakayesimama juu ya gunia la mnunuzi kuhakikisha kwamba vijana waliolipwa kwa uzito hawakutia maganda na mbegu zake pamoja na majani?

Na majina nayo hutupoteza. Nimewauliza wazee wa vijiji vitatu juu ya mti mmoja, nikapewa majina mawili. Na jina moja niliambiwa kuwa ni miti miwili mbalimbali. Nyumbani hapana neno, kwa kuwa mzee haendi kwenye jina, huenda kwenye mti. Lakini gome likishakauka na kutiwa guniani, halina jani wala ua, limebaki jina tu. Anayelinunua mjini hununua neno.

Wanaotaka biashara huniambia, “Lakini Katibu, dawa kubwa za hospitali si zimetoka katika miti?” Ni kweli, tena mifano miwili iko karibu nasi.

Wa kwanza ni lile ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi iliyoiva, lililopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa na linaloota hata katika mchanga wa pwani. Asili yake ni Madagaska, kisiwa kinachoshindana nasi kwa karafuu. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyajaribu kwa ajili ya sukari, wakaona hayana faida kubwa, lakini chembe nyeupe za damu ya wanyama zilipungua sana. Wakafuata njia hiyo, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Baadaye ikaja vinkristini kutoka mmea huo huo, nayo imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Lakini angalieni kipimo: hutakiwa kiasi cha nusu tani ya majani makavu kupata gramu 1 ya vinblastini. Anayekunywa chai ya ua hilo hanywi dawa ya saratani. Anakunywa mchanganyiko wa alkaloidi zaidi ya sabini, nyingine zenye sumu, bila kujua kiasi cha hata moja.

Wa pili twaujua katika miili yetu. Mwaka 2003 Zanzibar ilibadilisha dawa ya malaria, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeshindwa, ikaleta dawa za mchanganyiko zenye artemisinini. Pamoja na vyandarua na kupiga dawa majumbani, malaria ikashuka hata vijana wa leo hawaijui kama tulivyoijua sisi. Artemisinini hutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, Artemisia annua, na aliyeitoa ni bibi mmoja wa Uchina, Tu Youyou. Yeye na wenzake walikuwa wamechemsha majani yale mara kwa mara, matokeo yakawa hayaaminiki. Akarudi katika kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa miaka 1,600 nyuma, akakuta kwamba mganga yule hakuamuru kuchemsha: alisema majani yaloweshwe katika maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Tu akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na dawa ikatoka. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Basi hata namna ya kutia maji yaweza kuwa ndiyo dawa yenyewe, na mzee anayesisitiza kwamba mzizi fulani usichemshwe bali uloweshwe usiku kucha, asichekwe. Aandikwe.

Hata hivyo Shirika la Afya la Dunia halikubali watu wanywe chai ya mmea huo badala ya vidonge, kwa sababu kiini kilichomo hubadilika na mara nyingi ni kidogo. Mdudu wa malaria akipewa dawa kidogo hajifi, hujifunza. Mwenye homa apimwe damu.

Neno moja kwa wale wanaotumia dawa za hospitali kila siku, hasa za sukari na za presha. Usimfiche daktari dawa ya miti unayokunywa. Karela, kwa mfano, hushusha sukari kwa kweli. Mtu akimeza kidonge chake na kunywa maji ya karela juu yake, sukari yaweza kushuka mno hata akaanguka. Kumficha daktari kwa kuogopa kukemewa ni kujidhuru bure. Na madaktari nao wangepunguza kukemea, wangeambiwa mengi zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali la biashara. Ninavyoona mimi, karafuu yetu ina daraja, ina mizani, ina mnunuzi anayejulikana, na mkulima akichuma vizuri mti humzawadia tena. Gome la guniani halina hata kimoja. Mnunuzi hupata bei yake mara moja, mwenye shamba hupoteza mti uliochukua miaka mingi kukua, na mgonjwa wa mjini hapati hakika ya alichokunywa. Ikiwa siku moja itapatikana dawa ya kweli kutoka kichaka chetu, italetwa na watu wanaopima, kama wale wa Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambao kazi yao ilianza mwaka 1974. Nao watataka kuikuta miti ingali hai, na wazee waijuao wangali wanasema.

Halmashauri itapeleka mapendekezo matatu kwenye mkutano mkuu: Chama kisifanye biashara ya magome wala mizizi, mwanachama asiruhusu mti kuvuliwa duara shambani mwake, na kila tawi liandike daftari la miti ya dawa iliyomo katika vichaka vyake. Anayepinga aje aseme, ndiyo maana ya mkutano.

Kwa ajili ya daftari hilo, kila sampuli iletwe hivi: tawi dogo lenye majani, pamoja na ua au tunda ikiwezekana, lilazwe baina ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, gazeti libadilishwe kila siku mpaka likauke. Iandikwe karatasi: jina la mti kwa watu wa kijiji hicho, mahali ulipo, mwezi uliochumwa, sehemu itumikayo, na kama huchemshwa, huloweshwa au husagwa. Jina la mzee aliyeeleza liandikwe pia, akiwa radhi.

Mbegu za mjafari tulizonazo ni chache, nazo si nyepesi kuota, basi miche itakuwa haba. Wanaotaka watie majina kwa karani wa ofisi kabla ya masika. Waseme pia kama wana sehemu kavu yenye mawe kando ya shamba, maana mti huu haupendi kinamasi, wala hatutampa miche mwenye bonde la mpunga.

Wenu,
Katibu wa Chama